Daraja la Biashara

Walimu wenzangu, tangu nirudi, kila nikiingia stafrumu swali ni lile lile: "Ni kweli mle ndegeni mnalala?" Ndiyo, mnalala. Kiti kinanyooka kikawa kitanda, unapewa godoro jembamba, shuka, mto na pajama, na mtu mzima mwenye akili zake anakuja kukuuliza ungependa kuamshwa saa ngapi. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mpaka chai yangu inapoa. Sasa nimeamua kuandika yote kwa mpigo mmoja, nyinyi msome, nami ninywe chai ikiwa moto.

Mambo ya tiketi na viza nayaruka, maana hayana utamu. Jueni haya tu. Jirani yangu hapa Garissa, mtaa wa Iftin, Hooyo Dahabo, yaani Mama Dahabo kwa Kisomali, alivunjika nyonga akawekwa chuma. Kutembea anatembea, na fimbo yake, tena hapendi kushikwa mkono. Asichoweza ni kukaa amejikunja saa nyingi. Daktari akasema akienda mbali, aende amelala. Binti yake Fardosa, niliyemfundisha Kiswahili miaka minne na ambaye sasa anaishi Toronto, akafanya juu chini mpaka mama akapata nafasi ya biznesi klasi, nami nikapata ya kumsindikiza. Hooyo hana Kiingereza, na wanawe wa kiume hawakupata ruhusa kazini.

Haraka ilikuwa ya nini? Fardosa alikuwa amejifungua mtoto wa tatu. Kwa Wasomali, aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Siku ya arobaini, kabla ya magharibi, anafukizwa uunsi, ule ubani wa sukari unaowekwa juu ya makaa, kisha anatoka nje na mtoto wake. Wanaiita afartan bax, yaani arobaini, kutoka. Kwao Fardosa, anayefukiza ni mama mzazi. Sasa, mtoto wa kwanza, viza ya Hooyo haikutoka. Wa pili, nyonga. Mara zote mbili Fardosa alijifukiza mwenyewe huko ughaibuni, simu ameiegemeza kwenye birika, mama yake akimtazama kutoka Iftin. Mara ile ya pili nilikuwepo upande huu. Hooyo alizima simu, akaniambia, "Maalim, mama hapana fukiza na simu. Mtoto ya tatu, nitafika."

Tulipangiwa kufika Toronto siku ya thelathini na tisa.

Iftin: neno moja tu

Wiki moja kabla ya safari Hooyo aliniita kwake, akanimiminia shaah, ile chai yao ya maziwa, akauliza, "Maalim, hii bisnis wanasema, ni nini?"

Mnanijua. Siwezi kuliona neno la Kiingereza limejikalia bila kulitafutia Kiswahili chake. Nikakohoa kidogo, nikamwambia, "Hooyo, tutasafiri katika daraja la biashara." Nikanywa shaah yangu nikiwa nimeridhika kabisa.

Haya, hebu fikirini. Mtu wa Garissa ukimtajia daraja, anajua moja tu: lile la Mto Tana, lenye kizuizi, ambapo hata uwe umelala fofofo utaamka, ushuke, utoe kitambulisho na useme unakwenda wapi na kufanya nini. Na biashara, Hooyo ameifanya maisha yake yote. Anauza uunsi sokoni tangu Fardosa hajaanza shule. Kwa hiyo alichoelewa ni kwamba huko mbele kuna daraja wanalovukia wafanyabiashara, na anayetaka kuvuka sharti awe na cha kuuza. Asiyekuwa nacho na akavuka, huyo amesema uongo. Hakuniuliza zaidi. Alikwenda akafunga bidhaa.

Mimi nilipoona begi la kijani limevimba nikadhani ni zawadi za wajukuu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hao hawakubeba begi la Hooyo.

Garissa hadi Nairobi

Tuliondoka asubuhi kwa gari la Abdi, mtoto wa kaka yake Hooyo, kijana mwenye miwani myeusi na maneno mengi. Tulimlaza Hooyo kiti cha nyuma, mto chini ya nyonga. Hatukufika mbali: darajani tukashuka wote, vitambulisho mkononi, tukatembea, tukapanda tena. Hooyo alipolala vizuri akauliza, "Hii ni daraja ya kwanza. Ile ingine iko wapi?"

"Ipi, Hooyo?"

"Ya biashara. Ya ndege. Si lazima tufuke?"

"Tuvuke, Hooyo. Tuvuke. Kufuka ni moshi."

"Haa," akasema. "Tufuke."

Abdi alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Mwalimu, wachana na yeye. Miaka ishirini na mbili unasahihisha watu Garissa, umewahi kushinda?"

Sijawahi. Na sisi Wakamba tuna matamshi yetu pia yanayochekwa. Mwingi tulisimama kunywa chai, nikapata nafasi ya kusalimiana na watu kwa lugha ya mama na kula ndengu kwa chapati, maana sikujua huko mbele kuna chakula gani. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa nilikuwa nimeshalifanya, ila sikujua.

Nairobi: ukumbi wa arusi isiyo na bibi arusi

Ushauri wa kwanza: biznesi klasi ina mlango wake. Mimi nilijipanga foleni ndefu nusu saa nzima kwa nidhamu ya mwalimu wa zamu, mpaka mfanyakazi akaja akasoma karatasi zetu na kutuonyesha mahali pengine pasipokuwa na mtu hata mmoja. Walimletea Hooyo kiti cha magurudumu. Alikitazama, akaliweka begi la kijani juu yake, akamwambia yule kijana asukume. Yeye akafuata nyuma kwa miguu.

Ushauri wa pili: kabla ya ndege kuna ukumbi wa kupumzikia, na humo chakula kipo tu, unajipakulia. Sikuamini. Nilipakua sahani ya kwanza haraka haraka, nikijua kuna mtu atakuja kunikataza. Hakuja. Nikapakua ya pili. Hooyo alikula tende moja, akageuza shingo kutazama watu waliokaa kimya kila mmoja na meza yake.

"Arusi ya nani hii?"

"Si arusi, Hooyo. Ni watu wanangoja ndege."

"Na mbona hakuna mtu anasalimia mwingine?"

Nikaenda kuongeza sambusa.

Ulipofika wakati wa kupanda tukapitishwa katika lile bomba refu linalounganisha jengo na ndege. Hooyo alisimama katikati, akagonga sakafu kwa fimbo, ikalia kwa chini kama bati tupu. Akanitazama kwa uso wa mtu aliyefika.

"Maalim. Hii ndio daraja?"

"Ndilo, Hooyo," nikamjibu, maana kweli ni daraja, watu wa ndege wenyewe hawaliiti jina lingine.

Akatoa kitambulisho na pasipoti. Akafungua zipu ya begi. Mlangoni mhudumu alisoma jina lake, akatabasamu, akasema karibu na kutuonyesha kushoto. Hooyo hakusogea.

"Hapana uliza kitu?"

"Hawaulizi, Hooyo. Twende."

"Hii polisi yao ni lala," akasema, akafunga zipu bila furaha. Nilidhani anazungumzia kitambulisho.

Kuelekea Ghuba

Kiti cha biznesi klasi ni chumba. Kina meza, taa, televisheni, mahali pa viatu, na ukuta kati yako na jirani. Kina pia vitufe vingi, na mimi nilibonyeza kimoja ndege inaanza kukimbia, nikalala chali kabisa. Mhudumu alikuja kuninyanyua pole pole kama anavyonyanyuliwa mgonjwa. Nilijifanya ndivyo nilivyokusudia.

Hooyo yeye kilichomsumbua ni ule ukuta. Alichungulia kwa juu. "Maalim, nani ametugombanisha?"

"Hakuna. Ni ili mtu apumzike."

"Mimi sina gombana na wewe. Toa hii." Ukuta ukashushwa.

Alichopenda ni adabu. Mhudumu, dada mrefu mwenye kofia nyekundu, kila akitaka kusema naye alichutama kando ya kiti mpaka macho yao yakawa sawa. "Huyu amelelewa," Hooyo akaniambia. Basi huyo dada akapewa dua ndefu kwa Kisomali, na ninaamini mpaka leo anakwenda nayo.

Chakula unachagua kwenye kitabu. Hooyo alisema anataka bilau. Hakukuwa na pilau, ila kulikuwa na kondoo kwa wali. Kililetwa kwenye sahani kubwa nyeupe, wali upande mmoja, nyama upande wa pili, na majani mawili juu. Alikitazama muda.

"Hii hapana bilau. Hii ni wali na nyama wamekutana njiani."

Alikila chote hata hivyo, kisha mhudumu akamnyooshea kiti, na kwa mara ya kwanza tangu nyonga ivunjike nikamwona amelala safarini bila kukunja uso. Mimi nilikula changu, nikala na jibini nisiyoijua jina, nikatazama mawingu mpaka nikachoka. Sikujua kama mtu anaweza kuchoka na mawingu.

Ghuba: Jumatano ya Garissa

Tulipotakiwa kuunganisha ndege ya Toronto, uwanja ulikuwa umefungwa kwa tufani ya vumbi. Watu walijazana kwenye vioo kupiga picha. Hooyo alisogea, akatazama rangi ile ya udongo, akaniuliza wanachokitazama.

"Vumbi, Hooyo. Ndege haziruki."

"Hii ndio vumbi? Hii ni Jumatano ya Garissa."

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa amesikia neno la pili. Ndege ya leo haitakwenda. Ni kesho asubuhi, Mungu akipenda. Nikamwona anahesabu kwa vidole.

"Kesho ni arobaini."

"Ndiyo, Hooyo. Lakini tutafika alasiri ya huko. Bado ni siku ile ile."

"Jua yao inaanguka saa ngapi?"

"Kama kwetu tu, saa kumi na mbili na nusu hivi," nikasema kwa uhakika. Hapo ndipo mjue mwalimu wa lugha asiulizwe jiografia.

Nitawaambia ukweli, ukumbi wa Ghuba ni mahali pa kupotezea siku. Kuna mabafu yenye maji ya moto na taulo zinazotosha kufunikia kitanda, kuna vyumba vya kulala, kuna kaunta ya mikate peke yake. Nilioga mara mbili. Nilikula mara tano, na sijutii. Lakini kila nikirudi nilimkuta Hooyo ameegemea kiti kile kile, begi la kijani mapajani, chakula nilichomletea hajakigusa.

"Hooyo, kula hata kidogo."

"Chakula yote hii, na hakuna mtu nimelisha," akasema. Kisha, bila kunitazama, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka yote ya ujirani.

Fardosa alizaliwa Rhamu, kule mpakani na Ethiopia, Hooyo akiwa bado msichana tu, hajahamia Garissa. Mama yake Hooyo alikuwa amevuka Mto Daua na mbuzi, akitafuta malisho ng'ambo. Mvua ikanyesha milimani, mto ukajaa, na daraja hapakuwa. Siku ya arobaini mama alisimama ukingo ule na Hooyo alisimama ukingo huu, uunsi mkononi, hakuna wa kumfukiza. Akajifukiza mwenyewe.

"Alibunga nguo hivi," Hooyo akasema, akainua ncha ya shela yake akaipunga. "Tumeonana tu. Kama fidio."

Mnajua mimi hulia kwa shida. Nilikwenda kuoga mara ya tatu.

Saa kumi na nne angani

Asubuhi vumbi likatulia na ndege ikaruka. Hii ndiyo safari ndefu yenyewe, na hapa ndipo mnapopewa pajama. Hooyo aliipima suruali, akaivaa chini ya dera, akaridhika. Shati akaliviringisha kwenye chetezo cha udongo alichokuwa amekipakata. Mhudumu alitandika vitanda vyetu wakati sisi tumesimama kando kama wageni, nikaona aibu kutandikiwa na mtu mzima mwenzangu, nikamsaidia kuvuta pembe za shuka. Alinishukuru kwa mshangao.

Kwenye televisheni kuna ramani inayoonyesha ndege ilipo, na ukitafuta inaonyesha pia upande wa kibla. Hooyo alisali amekaa, kwa mara ya kwanza akakisifu kile kioo. Lakini alichokitazama zaidi ni dirisha. Tulikuwa tunaelekea magharibi, jua nalo linaelekea huko huko, na saa zikapita na mchana ukawa ule ule.

"Maalim. Jua imekataa kuanguka."

"Tunalikimbiza, Hooyo."

"Alhamdulillahi," akasema. "Mwambie huyu dereva akanyage."

Nililala. Nawaapia nililala saa sita mfululizo, jambo ambalo Iftin jogoo wa jirani hajawahi kuniruhusu. Nilipoamka nilimkuta Hooyo amesimama kwenye njia, anaongea kwa mikono na mzee mmoja Mhindi aliyekaa upande wa pili. Mzee alikuwa amenusa pakiti ya uunsi, macho ameyafumba. Hooyo alikuwa ameshika boksi lake la chokoleti.

"Hooyo, ni nini?"

"Biashara," akajibu, akarudi kitandani kwake na uso wa mtu aliyetimiza wajibu. Nikaona ni mzaha. Tukala chokoleti pamoja.

Toronto: kaunta

Tulitua saa tisa na ushee alasiri. Watu wa biznesi klasi hushuka kwanza, na kwa vile Hooyo alikuwa na haraka, tulikuwa wa mbele kabisa mpaka kwa afisa wa uhamiaji, kijana mwenye ndevu na sauti ya upole. Akatazama viza ya Hooyo, ya kutembelea familia. Akauliza kwa Kiingereza amekuja kufanya nini. Nikatafsiri: "Hooyo, anauliza umekuja kufanya nini hapa."

Hatimaye kuna mtu ameuliza. Hooyo alijinyoosha. Hakungoja tafsiri yangu, maana jibu lenyewe alilijua kwa Kiingereza. Alisema kwa sauti, na kila mtu alisikia: "Bisnis."

Afisa akaacha kuandika. Biashara gani? Hooyo akafungua zipu, akalipanga soko lake lote juu ya kaunta: pakiti za uunsi zimefungwa kwa uzi, kopo la nyirinyiri, ile nyama kavu ndani ya samli, na chetezo kimevaa shati la pajama.

Hapo ndipo niliporudi Iftin kwa mawazo, kwenye ile shaah, nikajiona ninavyokohoa. Daraja la biashara.

Tulipelekwa chumba cha pembeni chenye viti vya plastiki na saa kubwa ukutani. Ikawa saa kumi. Ikawa kumi na moja na nusu. Hooyo alikuwa anaitazama ile saa kama anavyotazama sufuria ya maziwa inayotaka kumwagika, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba jua linaanguka saa kumi na mbili na nusu, na yote yale ni kwa sababu ya mdomo wangu. Nilimwambia, "Hooyo, nisamehe. Ni mimi niliyekosea neno."

"Neno gani?"

Nikamweleza: daraja si lile la kuvuka, ni cheo cha kiti, na biashara ni jina tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo watu yote ile wamelala pale, hakuna mtu anauza kitu?"

"Hakuna."

"Basi wao ndio waongo," akasema.

Akaja afisa mwingine, mwanamke wa makamo, akaweka simu mezani yenye mkalimani wa Kisomali, mwanamke pia kwa sauti. Wakamuuliza Hooyo kama ameuza chochote. Nilitamani aseme hapana. Hooyo akasema, moja, kwenye ndege, amepewa chokoleti, nayo imekwisha kuliwa. Wakauliza pakiti zilizobaki ni za nani. Hooyo akaanza kueleza, na sikuelewa Kisomali chake chote, ila nilisikia Fardosa, nikasikia Rhamu, nikasikia Daua, na nikamwona ameinua ncha ya shela akaipunga, kwenye chumba kile, mbele ya simu isiyoweza kumwona.

Afisa akamuuliza mkalimani kama bado yupo. Yupo. Akatafsiri neno kwa neno, kisha akaomba ruhusa aongeze moja lake mwenyewe. Akasema, "Bibi, siku ya arobaini ni leo. Inaisha jua likizama."

Afisa alinigeukia. Nikakiri kwa Kiingereza changu chote kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kosa ni la tafsiri. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akamuuliza Hooyo, kupitia simu, kama ataahidi asiuze chochote. Hooyo akasema amekwisha funga duka.

Nyirinyiri ilichukuliwa, nyama haiingii nchini kwao, ni sheria. Ilimuuma, maana aliikaanga mwenyewe siku mbili, lakini aliisukuma mbele kwa mkono wake. "Chukua," akaniambia nimtafsirie. "Nyama hapana lazima. Moshi ndio lazima." Muhuri ukagongwa.

Nilimuuliza yule afisa, huku tayari tunatoka, jua la hapa linazama saa ngapi. Akasema mwezi huu, saa tatu usiku. Nikamwomba arudie. Nilipomwambia Hooyo alisimama, akanipiga kidogo kwa fimbo mguuni, kisha akacheka mpaka machozi.

Arobaini

Yusuf, mume wa Fardosa, alikuwa akingoja nje, amechoka kwa wasiwasi. Fardosa hakuja, bila shaka. Alikuwa hajatoka nyumbani siku arobaini. Wanakaa ghorofa ya tatu katika jengo la watu wengi. Yusuf alipofungua mlango, binti alikuwa amesimama ndani, hatua moja kutoka kizingitini, mtoto mkononi, na hakuvuka. Mwanafunzi wangu yule mkaidi. Hooyo alimtazama juu mpaka chini, kisha mtoto, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa aliposema, "Makaa iko wapi?"

Makaa yalikuwepo, vile vidonge vyeusi vinavyouzwa huko kwa kazi hiyo. Chetezo kilitolewa kwenye pajama, hakina ufa. Nilikaa pembeni nikatazama Hooyo akimzungushia binti yake shuka kubwa, akiweka uunsi kwenye makaa kidogo kidogo, akipitisha chetezo miguuni, kiunoni, chini ya nywele, akisoma dua. Fardosa alikuwa analia bila sauti ndani ya moshi. Ulikuwa moshi mwingi. Hooyo alikuwa na madeni ya arobaini tatu, hata nne ukihesabu na ile yake mwenyewe, na hakubana mkono.

Ndipo dari ikapiga kelele. Kengele ya moshi, kwanza ya chumba, halafu ya jengo zima, mlio wa kupasua masikio. Milango ikaanza kufunguka huko nje. Yusuf akapanda kiti akipepea taulo. Fardosa akashika mkono wa mama yake. "Hooyo, sitoki, hujamaliza."

Hooyo alinigeukia. "Hii kelele inasema nini?"

"Inasema tutoke nje."

"Mimi?"

"Sisi sote, Hooyo. Na mtoto."

Alifikiri kidogo. Akakiweka chetezo chini, akamchukua mjukuu, akashika fimbo. "Basi imesema kweli," akasema. "Arobaini, kutoka."

Wakatoka. Hooyo mbele na mtoto, Fardosa nyuma amejifunga shuka lenye moshi, mimi na viatu vya watu wote, Yusuf na watoto wawili wakubwa. Ngazi za ghorofa tatu, na nyonga ile, na hakumpa mtu mtoto. Nje majirani walikuwa wamejaa kwenye maegesho, wengine na paka, mmoja na sahani yake ya chakula. Ilikuwa saa mbili na nusu na jua bado lipo juu ya mapaa. Bibi mmoja Mchina alimsogelea Fardosa, akanusa shuka lake, akamtazama mtoto, akampigia makofi madogo bila kujua ni ya nini. Wengine wakafuata. Fardosa akaweka kichwa begani mwa mama yake, mbele za watu wote, akalia kwa sauti safari hii.

Hooyo aliinua macho kwenye dirisha la ghorofa ya tatu. Moshi ulikuwa unatoka hapo, mwembamba, unakwenda zake juani.

"Maalim," akaniambia, "tumefuka daraja."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili, sikuona cha kusahihisha.